Bath kwa siku moja na nusu: anza na maji, kisha panda kwenye mawe

Watu wengi hufika Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakiwa na nguo ya kuogelea mkobani, wakidhani wataingia kwenye lile bwawa la Warumi wanaloliona pichani. Hawataingia. Bwawa lile ni la kutazama tu: maji yake hayasafishwi kwa dawa, yanapigwa na jua moja kwa moja ndiyo maana yameota mwani wa kijani, na chini yake kumetandazwa mabamba ya madini ya risasi. Mwaka 1978 msichana mmoja aliyeogelea katika maji ya chemchemi za mji huu aliambukizwa amiba inayoshambulia ubongo, akafariki, na uogaji wa umma ukasimamishwa. Watu hawakurudi majini hadi 2006, ilipofunguliwa Thermae Bath Spa, jengo jingine kabisa linalotumia maji ya chemchemi zilezile kutoka kwenye visima vilivyochimbwa upya.

Kwa hiyo kuna tiketi mbili tofauti: moja ya kuona, inaitwa Roman Baths, na nyingine ya kuoga, inaitwa Thermae. Majengo yako mwendo wa dakika chache tu kati yake, na kila siku kuna mtu anayesimama kwenye mlango usio wake.

Kabla ya safari

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na viza ya Schengen haimsaidii hapo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya tarehe ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki 3 hivi baada ya kutoa alama za vidole. Mwenye pasipoti ya Omani hutumia kibali cha kielektroniki badala ya viza. Aliye tayari ndani ya Uingereza hana la kuomba, isipokuwa tiketi ya treni.

Tiketi ya Roman Baths hupanda na kushuka kulingana na siku: katikati ya wiki mtu mzima hulipa zaidi kidogo ya pauni 20, na wikendi za kiangazi hukaribia 30. Thermae huzidi pauni 40 kwa saa 2, na wikendi huongezeka. Nunua zote mbili mtandaoni kabla hujatoka nyumbani. Roman Baths ichukulie nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Thermae ichukulie jioni, jua linapozama. Angalia saa kwa makini, maana tiketi huandikwa kwa saa 24: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, na aliyezoea saa za Kiswahili akisoma haraka huweza kujikuta amechelewa mpaka zamu yake imepita.

Epuka Jumamosi ukiweza. Epuka zaidi mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, wakati soko la Krismasi linapojaza mitaa ya katikati hadi kupita ni kusukumana. Miezi mizuri ni Machi, Oktoba na hata Januari: baridi ni kali, lakini ndiyo inayofanya mvuke uinuke juu ya bwawa. Mwezi wa Julai utaliona bwawa, ila mvuke utaukosa.

Kufika

Kutoka London, panda treni stesheni ya Paddington. Mwendo ni kama saa moja na dakika 20 hadi 30, na siku za kawaida treni huondoka karibu kila nusu saa. Tiketi ya kununua siku hiyohiyo asubuhi, saa ambazo wafanyakazi wanakwenda kazini, inaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla kwa treni maalumu. Mkiwa watu 3 hadi 9, ulizeni punguzo la kikundi kwa saa zisizo na msongamano. Ni theluthi moja ya nauli, na wengi hawalijui. Basi la masafa marefu ni la bei nafuu zaidi, lakini tenga saa 3 au zaidi, na foleni ya magari ikiwa mbaya, saa haina maana tena. Anayetua uwanja wa ndege wa Bristol ana basi la moja kwa moja, A4.

Shuka Bath Spa, siyo Oldfield Park, ambayo ni stesheni ndogo ya mtaani iliyo mbele kidogo. Alama ya kujiandaa ni hii: baada ya stesheni ya Chippenham treni huingia kwenye handaki refu la Box, karibu kilomita 3, lililokamilishwa 1841 chini ya mhandisi Brunel. Ukitoka gizani, shusha mizigo.

Gari binafsi halitozwi ada ya hewa safi mjini, lakini maegesho ni machache na ghali. Acha gari kwenye moja ya viwanja vya nje vya Lansdown, Newbridge au Odd Down, upande basi. Na viatu: vaa vyenye soli ya kushika. Mji uko ndani ya bakuli la vilima, na mawe ya njia huteleza mvua ikinyesha, nayo hunyesha.

Asubuhi: chini, kwenye chemchemi

Ingia Roman Baths mlango unapofunguliwa. Ukifika saa tano utalitazama bwawa juu ya mabega ya watu. Kifaa cha maelezo ya sauti kimo ndani ya bei. Kiswahili hakimo, kwa hiyo chagua lugha nyingine unayoielewa vizuri. Tenga saa 2.

Kwanza yaelewe maji. Katika Bonde la Ufa, mfano Bogoria, joto la maji linahusiana na volkano. Bath haina volkano. Mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Mendip, inayokadiriwa kuwa ya miaka kama 10,000 iliyopita, ilizama kwenye mawe ya chokaa hadi kina cha kilomita kadhaa, ikapashwa na joto la ardhi, kisha ikapata ufa wa kupandia. Katika chemchemi kuu, King's Spring, maji hutoka yakiwa na nyuzi 46 za Selsiasi, lita 1,170,000 kila siku. Warumi waliyafikia katika karne ya kwanza, wakauita mji Aquae Sulis kwa jina la Sulis, mungu wa kike wa wenyeji, wakamuunganisha na Minerva wao na kumjengea hekalu kando ya chemchemi.

Ukiwa kwenye ghorofa ya juu, ukitazama bwawa kubwa, usidanganyike: sanamu za makaisari, kuta na nguzo ndefu ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 19. Shuka chini, utazame vitako vya nguzo. Kilicho chini ya usawa wa magoti ndicho cha Kirumi. Bwawa lina kina cha mita 1.6, na mabamba 45 ya risasi yaliyotandazwa sakafuni bado yanazuia maji. Usitumbukize mkono, hata kama hakuna anayekuangalia.

Vitu vitatu usivipite kwa haraka. Cha kwanza ni uso uliokuwa juu ya mbele ya hekalu, uliofukuliwa 1790: unaitwa Gorgoni, lakini Gorgoni wa Wagiriki, zimwi la hadithi, ni mwanamke, na huyu ana masharubu. Cha pili ni tobo la maji ya ziada, lililojengwa na Warumi, ambalo hadi leo linapeleka maji kuelekea mto Avon. Simama pale usikie joto usoni. Cha tatu ni vibao vya laana. Vimepatikana kama 130, vipande vyembamba vya risasi na bati ambavyo watu walivikwaruza maandishi, wakavikunja na kuvitupa kwenye chemchemi wakimwomba mungu amwadhibu mwizi. Kilichoibwa mara nyingi ni joho au glavu, vitu vya mtu aliyekuwa akioga. Baadhi huorodhesha majina ya washukiwa, kama barua kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Vyumba vya pembeni vina vinguzo vifupi vya matofali vilivyopangwa safu kwa safu. Hivyo vilibeba sakafu, na hewa ya moto ikapita chini yake. Aliyewahi kutembelea Hamamni pale Mji Mkongwe, Unguja, ataielewa hesabu upesi: mwogaji huhama kutoka chumba hadi chumba, joto likibadilika kila mlango. Huko nako siku hizi huoni mtu akioga.

Kabla ya kutoka kuna bomba la kuonja maji, yaliyosafishwa. Ni ya uvuguvugu na yana ladha ya chuma. Glasi moja inatosha kabisa.

Kanisa la Bath Abbey

Ukitoka uko uwanjani mbele ya kanisa. Rudi nyuma hatua ishirini, utazame mbele yake pande zote mbili za dirisha kubwa: malaika wanapanda ngazi za mawe. Wengine wanashuka, vichwa chini. Inasemekana askofu Oliver King aliota ndoto hiyo ndipo akaanzisha ujenzi huu, 1499. Jina lake limefichwa kwenye mchongo wa mzeituni wenye taji. Ndani, dari limefumwa kwa mawe kama vipepeo vya kupepea vilivyofunguliwa. Upande wa altare ni kazi ya ndugu wawili, Robert na William Vertue. Dari la ukumbi mkuu liliigizwa katika miaka ya 1860 chini ya Gilbert Scott, na jicho lisilofundishwa haliwezi kutofautisha. Kanisa lililotangulia hapa ndimo alimotawazwa mfalme Edgar, mwaka 973.

Kiingilio hulipiwa. Mnara hupandwa ukiwa pamoja na mwongozaji tu, vidato 212 vya kuzunguka, na mwenye goti bovu au hofu ya sehemu finyu asijaribu: mkishaanza, kugeuka ni shida. Jumapili ni ya ibada, kwa hiyo watalii hupewa muda mfupi.

Nje, mbele ya Pump Room, jumba la kale la kunywea maji ya chemchemi, ndipo huanzia matembezi ya bure ya waongozaji wa kujitolea wa Meya, desturi iliyoanza 1934. Huondoka saa nne na nusu asubuhi, na tena saa nane mchana isipokuwa Jumamosi. Huchukua saa 2 hivi. Hawapokei bakshishi, kwa hiyo usiwalazimishe.

Kupanda: uwanja, duara, hilali

Hapa ndipo mpangilio wa kutembea una maana, na wengi hukosea. Hufuata ramani ya simu, ambayo huwapitisha bustanini na kuwatokeza mbele ya Royal Crescent, safu ya nyumba iliyopinda kama hilali, bila utangulizi. Aliyeujenga mtaa huu alitaka uje kwa njia nyingine.

Anza Queen Square, iliyojengwa 1728 hadi 1736 na msanifu majengo John Wood mkubwa. Tazama upande wa kaskazini. Inaonekana ni kasri moja. Kumbe ni nyumba saba zenye uso mmoja. Ujanja wa Wood ulikuwa huu: alikodi ardhi, akaigawa kwa wajenzi wadogo, kila mmoja akajenga nyuma apendavyo kwa pesa yake, mradi mbele afuate mchoro wa Wood mstari kwa mstari. Hivyo mtu mmoja asiye na mtaji mkubwa akajenga mji unaofanana na kasri.

Panda Gay Street. Mlima ni mkali kuliko unavyoonekana. Wazee wapumzike katikati. Juu utaingia The Circus: nyumba 33 katika duara lenye kipenyo cha mita 97 hivi, lililokatwa na njia tatu tu. Njia hizo zimepangwa ili kila unapoingia, macho yako yakutane na ukuta wa nyumba uliopinda, kamwe siyo na njia ya kutokea. Hesabu ghorofa kwa nguzo: chini ni za Kidoriki, nyepesi kwa mapambo, katikati za Kiioniki, zenye vichwa vilivyojikunja kama pembe za kondoo dume, juu za Kikorintho, zenye majani. Juu ya ghorofa ya chini kuna mkanda wa michongo midogo 525: nyoka, ala, vyombo vya bahari. Juu kabisa kuna mbegu za mwaloni za mawe, kumbukumbu ya hadithi ya Bladud, mwana wa mfalme aliyekuwa na ukoma, akachunga nguruwe, akaponea kwenye matope ya moto ya hapa. Wood alifariki 1754, ujenzi ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Mwanawe, John Wood mdogo, akaumaliza 1768.

Namba 17 aliishi mchoraji Gainsborough. Namba 13 ina kibao cha David Livingstone, na kibao hicho kinahusu historia yetu. Septemba 1864 wanajiografia wa Uingereza walikutana Bath kumsikiliza mpelelezi Richard Burton akibishana na mpelelezi mwenzake John Hanning Speke juu ya chanzo cha Nile, ubishi uliozaliwa kwenye njia ya misafara kati ya pwani na Ujiji, na Livingstone naye alikuwapo mjini. Speke aliiona Nyanza mwaka 1858, akaipa jina la malkia wake. Siku moja kabla ya mjadala alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni Neston Park, karibu na Box, eneo lilelile la handaki ulilopita asubuhi.

Toka kwa Brock Street. Mtaa huu ni wa kawaida kwa makusudi, haukupi dalili. Hatua za mwisho, upande wa kulia unafunguka, na Royal Crescent inatokea mara moja: nyumba 30, urefu wa mita 150 hivi, nguzo 114 za Kiioniki, zote katika mpindo mmoja wa mwezi mchanga. Aliijenga Wood mdogo kati ya 1767 na 1775. Jua huipiga kutoka kusini, na alasiri mawe hugeuka rangi ya asali.

Nyumba hizi zinakaliwa na watu. Usipande vidato vya milango kupiga picha. Uwanja wa nyasi wa juu ni wa wakazi peke yao, na hutaona uzio kwa sababu umefichwa: ni handaki lenye ukuta upande mmoja, lililozuia mifugo isipande huku wenye nyumba wakiendelea kuona malisho bila kizuizi. Picha nzuri hupigwa chini, bustani ya Royal Victoria Park. Ukitaka kuona siri ya mjenzi, zunguka nyuma: paa za kila kimo, madirisha kila mtu na lake, kuta zimetokeza na kuingia. Mbele ni moja, nyuma ni thelathini. Namba 1 ni makumbusho yenye fanicha za karne ya 18, na jiko la chini ndilo la kukaa nalo zaidi.

Unapotembea, tazama hivi

Jiwe la Bath ni chokaa la bahari ya kale, chembe zake ni viduara vidogo kama mayai ya samaki. Hukatika upande wowote bila kupasuka, ndiyo maana michongo ni mikali. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu na Unguja hupigwa lipu kufunika ukali wa jiwe. Hapa jiwe limeachwa wazi, na kosa la fundi linaonekana. Udhaifu wake ni ulaini: moshi wa makaa ya mawe uliyafanya majengo meusi, na ukitazama vichochoroni utakuta nyumba ambazo hazijasafishwa. Mawe mengi yalitoka machimbo ya Combe Down ya Ralph Allen, aliyetajirika kwa huduma ya posta.

Dirisha lililozibwa kwa jiwe huenda ni kumbukumbu ya kodi ya madirisha, iliyodumu 1696 hadi 1851, lakini mengine yalizibwa tangu mwanzo ili pande mbili zilingane. Vile vikombe vya chuma kama tarumbeta vilivyo kwenye uzio wa milango vilitumika kuzima mienge ya wabebaji.

Ukiteremka, pitia Assembly Rooms, kumbi za kale za mikusanyiko za 1771, zilizoungua kwa mabomu ya Aprili 1942 na kujengwa upya ndani. Angalia kwanza kama siku hiyo ziko wazi. Kisha shuka hadi daraja la Pulteney, kazi ya Robert Adam, lililokamilika 1774. Lina maduka pande zote mbili, hata ukivuka hujui kama chini yako kuna mto. Lione kutoka Grand Parade.

Jioni: ndani ya maji

Thermae inapokea wenye miaka 16 na kuendelea. Cross Bath, bwawa dogo la wazi lililo jirani, linakubali kuanzia miaka 12 akiwa na mtu mzima. Taulo, joho na ndara vimo ndani ya bei. Wewe leta nguo ya kuogelea tu. Mabwawa ni ya pamoja, wanaume kwa wanawake, na hata ukumbi wa kubadilishia nguo ni mmoja, wenye vijumba vya kujifungia. Anayetaka stara aulize mapema kwa simu kuhusu vazi la kujisitiri. Familia au kikundi huweza kukodi Cross Bath peke yao.

Saa 2 huhesabiwa tangu unapoingia, siyo tangu unapolowa. Kwa hiyo usipoteze dakika 20 kwenye kabati. Anza bwawa la paani kabla jua halijazama, maana kila mtu atapanda baadaye. Maji yana nyuzi 33 hadi 34, na mnara wa kanisa uko mbele yako. Kisha vyumba vya mvuke, na mwisho bwawa la chini, Minerva. Vua pete na mikufu. Kunywa maji baridi kila nusu saa: kizunguzungu huja mtu anapotoka kwenye mvuke kwa haraka akiwa hajanywa kitu. Mjamzito, mwenye presha au maradhi ya moyo amuulize daktari wake kabla ya kulipa.

Nusu siku iliyobaki

Ukiwa na muda wa sehemu moja tu, nenda Fairfield House, mtaa wa Newbridge, kama kilomita 3 magharibi mwa katikati; basi linafika. Hapo ndipo Haile Selassie alipoishi uhamishoni, 1936 hadi 1940, Italia ilipoivamia Ethiopia. Mwaka 1958 aliitoa nyumba kwa mji kwa ajili ya wazee, na wazee bado huitumia, kwa hiyo siku za wageni ni chache: hakikisha tarehe kabla hujapanga lolote jingine.

Wapenda bustani huenda Prior Park, bustani ya jumba la Ralph Allen, kuona daraja la 1755 la mtindo wa Palladio, msanifu majengo wa Italia. Magari hayana pa kuegesha isipokuwa ya walemavu, na kurudi juu hadi getini ni mlima mtupu.

Na kabla ya treni ya kurudi, acha mzigo kwenye duka la kuhifadhia, upande ngazi za Jacob's Ladder nyuma ya stesheni hadi Alexandra Park. Ni bure. Kutoka benchi za ukingoni utaona mnara wa kanisa, paa za Circus na mpindo wa Royal Crescent ng'ambo ya bonde. Kushuka hadi stesheni tenga dakika 20, na zaidi kama vidato vimelowa.